Kupima Nukta kwa Miaka 44

Neptuni haionekani kwa macho matupu. Hata ukipata darubini ya kutosha na usiku mzuri, utakachokiona ni kinukta cha buluu iliyofifia, kidogo kiasi kwamba zingehitajika Neptuni kama 800 zilizopangwa mstari mmoja ili kuvuka uso wa mwezi mpevu. Aliyezoea picha za darubini ya angani ya Hubble hurudi nyuma akidhani darubini imeharibika. Na kinukta hicho ndicho Wes Lockwood, mwanaastronomia wa kituo cha Lowell katika mji wa Flagstaff, Arizona, alichokipima kuanzia 1972 hadi 2016. Hakukipiga picha. Alipima kina mwanga kiasi gani, akaandika namba, akangoja usiku mwingine ulio safi.

Kituo cha Lowell kina sifa nyingine zinazotajwa zaidi. Kilianzishwa mwaka 1894 na Percival Lowell, tajiri aliyesadiki kwamba sayari ya Mirihi ina mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Huko huko, mwaka 1930, Clyde Tombaugh aliigundua Pluto. Hadithi hizo zinasimulika kirahisi kwa sababu zina mtu mmoja na jambo moja kubwa. Kazi ya Lockwood haina usiku wa ugunduzi ambao mtu anaweza kuutaja kwa tarehe. Kwangu mimi hiyo ni sababu mojawapo ya kuisimulia.

Wala haikuanza kwa kuijali Neptuni. Mwaka 1950 wataalamu wa Lowell walikuwa wanatafuta jibu la swali la jua: je, jua huwaka kwa nguvu ileile miaka yote, au hupanda na kushuka? Kulipima jua lenyewe kukiwa chini ya angahewa ni shughuli ya tabu. Mchana hakuna nyota ya kulilinganisha nayo, na kifaa kinachostahimili mwanga wake hakifai kupimia nyota. Wakapata njia ya pembeni. Uranusi na Neptuni haziwaki. Zinarudisha mwanga wa jua tu. Basi zipimwe usiku, zilinganishwe na nyota, na jua likibadilika sayari zote mbili zitabadilika kwa pamoja.

Hoja ilikuwa safi, na vipimo vya awamu hiyo viliendelea hadi 1966. Jua likakataa kuonekana likibadilika. Leo sababu inajulikana: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 setilaiti zimekuwa zikilipima jua nje ya angahewa yetu, na zimeonyesha kwamba katika mzunguko wake wa miaka 11 mwangaza wake wote hupanda na kushuka kwa takriban sehemu moja katika elfu. Badiliko dogo kama hilo lilikuwa nje ya uwezo wa vyombo vya wakati ule. Lockwood alipoifufua kazi mwaka 1972, akiongeza na Titani, ule mwezi mkubwa wa Zohali, naye alikuwa bado analiwinda jua. Sayari zilikuwa vioo tu, na mtu akinunua kioo hutarajia kitulie.

Tuutazame usiku mmoja wa kazi kwa karibu, kwa sababu ufundi wenyewe umo humo.

Darubini ina kioo cha inchi 21, yaani sentimita 53, na inakaa katika kilima cha Mars Hill kinachoutazama mji wa Flagstaff. Si darubini kubwa. Hata wakati ule wanaastronomia walikuwa na vioo vya mita kadhaa. Mpimaji anaiweka sayari katikati ya kitundu kilichotobolewa kwenye bamba la chuma. Kitundu kinazuia mwanga wa nyota za jirani, lakini kimeachwa kipana kuliko sayari, ili hewa ikiitikisa picha usiwepo mwanga wowote unaomwagika nje. Nyuma ya kitundu kuna lenzi ndogo ambayo kwa maoni yangu ndiyo kifaa cha werevu kuliko vyote katika chumba kile. Lenzi hiyo haiundi picha ya sayari. Inaunda picha ya kile kioo kikuu cha darubini, kikiwa kimemulikwa na sayari. Kwa hiyo sayari ikiyumba ndani ya kitundu, doa la mwanga linalotua kwenye kihisio halisogei. Vihisio havihisi sawasawa kila mahali; doa likihama kidogo tu, namba nayo inahama, na mtu anaweza kudhani Neptuni imebadilika kumbe ni upepo umepuliza kuba.

Kihisio chenyewe ni mrija wa kioo uitwao fotomaltiplaya. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ikigonga utando wa mbele inaweza kung'oa elektroni moja. Elektroni hiyo inavutwa kwa volti nyingi hadi kwenye bamba la kwanza, inang'oa nyingine kadhaa, hizo nazo zinavutwa hadi bamba la pili, na mwishoni mwa mrija unatoka mpigo wa umeme ambao mashine inaweza kuuhesabu. Usiku mzima ni kuhesabu mipigo. Hapo hesabu inaweka masharti yake: vitu vinavyofika kwa bahati nasibu huwa na kosa linalolingana na kipeuo cha pili cha idadi yake. Ukihesabu 10,000, kosa ni 100, ambayo ni asilimia 1. Ukitaka kosa liwe sehemu moja ya elfu, ni lazima uhesabu mipigo milioni moja. Hakuna ujanja wa kulipunguza deni hilo. Ni kuongeza muda, au kioo kikubwa zaidi.

Na haitoshi kuihesabu sayari. Mpimaji anahesabu nyota ya kwanza ya kulinganishia, anakwenda kwenye sayari, anakwenda kwenye nyota ya pili, kisha anaisogeza darubini pembeni kidogo na kuhesabu anga tupu, kwa sababu usiku hauna giza kamili na mng'ao wake umo ndani ya kila namba iliyotangulia. Halafu anarudia kwa mpangilio wa kinyume, ili hewa ikiwa inabadilika polepole mabadiliko hayo yajifute yenyewe. Hayo yote kwa kichujio cha buluu, kinachopitisha mwanga wa nanometa 472, na tena kwa kichujio cha kijani-njano cha nanometa 551. Wingu jembamba likipita, hata lisiloonekana kwa jicho, nyota mbili zitapishana na usiku wote unatupwa. Ndani ya kitundu cha Neptuni amejificha pia Triton, mwezi wake mkubwa, ambaye hachangii hata asilimia 1 ya mwanga. Hakuna namna rahisi ya kumtoa. Anahesabiwa pamoja na sayari yake.

Sasa nifike kwenye kile ninachokistahi zaidi, nacho hakihusu sayari kabisa. Muuza dhahabu anaweza kuwa mtu mwaminifu na bado akakupunja, ikiwa jiwe lake la mizani limelika. Katika kazi hii nyota za kulinganishia ndizo mawe ya mizani, na nyota nyingi zimelika: zinapumua, zina madoa, nyingine zina mwenzi asiyeonekana anayezipita mbele. Shida haiishii hapo. Neptuni huhama nyuzi 2 na kidogo kila mwaka, Uranusi nyuzi 4 na zaidi. Baada ya misimu michache sayari imeziacha nyota zake nyuma, na inabidi zitafutwe nyingine. Jiwe jipya linapimwa dhidi ya jiwe la zamani kabla la zamani halijaondolewa mezani, na hilo dhidi ya lililolitangulia, hadi 1972. Kosa dogo katika kila kiungo lingejikusanya, na baada ya miaka 30 lingeonekana kama badiliko zuri la polepole la angahewa ya Neptuni. Mtu angeweza hata kuliandikia makala.

Dawa yake ilikuwa kuzipima nyota kwa uchungu uleule wa kupimia sayari. Katika darubini hiyo hiyo Lockwood na wenzake, akiwamo Brian Skiff, walitumia miaka mingi kupima nyota zinazofanana na jua, na wakaonyesha kwamba nyingi zinabadilika kwa sehemu chache za elfu. Jambo la kuchosha lilizaa elimu yake lenyewe. Mpimaji wa sayari aligeuka mtaalamu wa utulivu wa nyota, kwa sababu bila hivyo hakuwa na haki ya kusema chochote kuhusu sayari.

Hewa ya Flagstaff nayo ilikuwa na lake. Mji uko kwenye latitudo ya nyuzi 35 kaskazini, na katika miaka ya 1980 Neptuni ilikuwa katika kundi la Mshale, kama nyuzi 22 kusini mwa ikweta ya anga. Maana yake ni kwamba hata ilipofika juu kabisa, haikuinuka zaidi ya nyuzi 33 kutoka upeo wa macho, na mwanga wake ulipita katika hewa karibu mara mbili ya ile ambayo ungepita kama ingekuwa utosini. Miaka hiyo hiyo mtu wa Dar es Salaam aliipata nyuzi 15 tu kutoka utosini, ingawa hakuwa na sababu ya kujua. Hivyo kila usiku ulidai kipimo kingine: hewa inakula mwanga kiasi gani leo? Nyota zilipimwa zikiwa juu, zikapimwa tena zikiwa chini, na tofauti ikawa kodi ya hewa ya usiku ule.

Wengi huitoa kodi hiyo na kuisahau. Lockwood na mwenzake Don Thompson waliitunza, na mwaka 1986 walichapisha kumbukumbu ya jinsi hewa ya Flagstaff ilivyokula mwanga wa nyota tangu 1972. Humo unaona vumbi la volkano. Mlima El Chichón wa Mexico ulilipuka mwaka 1982, gesi zake zikapanda juu sana na kugeuka ukungu uliozunguka dunia, na kile kifaa kilichokuwa kinaiangalia Neptuni kiliandika jinsi anga letu lilivyochafuka na jinsi lilivyojisafisha. Watu walikuwa wanasomea angahewa ya sayari ya nane. Njiani wakaisomea na ya tatu, kwa sababu tu waliheshimu kilichokuwa kinawasumbua.

Mwisho wa msimu zinakuja hesabu za mezani. Dunia na Neptuni haziko mbali kwa kiasi kilekile kila usiku, na mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, basi kila namba inarekebishwa kana kwamba sayari imepimwa ikiwa mahali pamoja, umbali mmoja kutoka jua na umbali mmoja kutoka kwetu. Pembe ambayo jua linaimulika nayo inahesabiwa. Kwa Uranusi inahesabiwa hata kwamba sayari hiyo imebonyea kwenye ncha zake kwa zaidi ya asilimia 2, na kwa kuwa inazunguka jua ikiwa imelala ubavu, umbo tunaloliona linabadilika. Kisha miezi ya kazi inabanwa kuwa namba moja kwa kila kichujio. Hiyo ndiyo nukta ya mwaka kwenye grafu.

Nukta zikajipanga, na kile kioo kikaonekana hakitulii.

Neptuni ilikuwa karibu tulivu hadi mwaka 1980. Halafu ikaanza kung'aa. Ilipanda kidogo kila mwaka, bila haraka, hadi kufikia mwaka 2000 ikawa imeongeza mwanga wake kwa takriban sehemu moja ya kumi, kisha ikatulia hapo juu. Sehemu moja ya kumi ni nyingi mno kwa jua. Jua lingebadilika kiasi hicho tungekuwa na habari nyingine za kuzungumza, kama tungekuwepo. Hivyo kilichobadilika ni sayari yenyewe, yaani hewa yake, maana Neptuni haina ardhi ya kutuonyesha.

Sababu inayoelekea kukubalika ni majira. Neptuni imeinama kwenye mhimili wake kwa nyuzi 28, zaidi kidogo ya dunia ambayo imeinama nyuzi 23, na mwaka wake ni karibu miaka 165 ya kwetu. Kila msimu huchukua miaka 40 na ushei. Kilele cha kiangazi cha upande wa kusini kilikuwa mwaka 2005. Picha za Hubble za 1996, 1998 na 2002 zilionyesha mikanda ya mawingu ya kusini ikizidi kuwa myeupe, na kikundi cha Lawrence Sromovsky kilizisoma mwaka 2003 kama dalili ya majira yanayogeuka. Kwamba jua hafifu vile, lenye nguvu ya sehemu moja katika 900 ya lile linalotuunguza hapa, linaweza kugeuza majira ya sayari, ni jambo ambalo bado linanishangaza. Ila tazama nani alikuwa na kumbukumbu. Hubble ilirushwa mwaka 1990, wakati Neptuni ilikuwa imeshapanda nusu ya mlima. Chombo cha angani Voyager 2 kilipita mwaka 1989, kikaona doa jeusi kubwa kama dunia, kikaondoka. Hubble ilipotazama mwaka 1994 doa halikuwepo. Picha zinasema kulikuwa na nini siku hiyo. Kwamba siku hiyo ilikuwa ya kawaida au ya ajabu, hilo lilihitaji namba za Flagstaff.

Rangi ya kichujio ni uamuzi mzito kuliko mtu anavyodhani. Angahewa za sayari hizi mbili zina methani, gesi inayomeza mwanga mwekundu na zaidi ule wa infraredi, ndiyo maana tunaziona za buluu na kijani. Mwanga wa buluu unazama ndani na kurudi ukiwa na habari za ukungu wa chini. Infraredi inamezwa mapema, isipokuwa ikutane na wingu lililoinuka juu ya methani na kuirudisha kabla haijazama. Kwa hiyo kuchagua rangi ni kuchagua kina. Mwaka 1976 mwangaza wa infraredi wa Neptuni uliongezeka mara kadhaa, jambo ambalo Richard Joyce na wenzake walilitangaza mwaka uliofuata kuwa ushahidi kwamba kule kuna hali ya hewa. Mawingu ya juu yalikuwa yametanda. Wakati huo hakuna chombo kilichokuwa kimefika Neptuni, na hakuna mtu aliyewahi kuliona hata wingu moja. Mabadiliko ya namba yaliyaona kwanza.

Uranusi ilikuwa na habari yake. Kwa sababu inalala ubavu, katikati ya miaka ya 1980 ilituelekezea ncha yake ya kusini, na mwaka 2007 ikatuonyesha ikweta. Kwenye grafu inang'aa zaidi tunapoiona ncha, na inafifia tunapoiona ikweta. Kubonyea kwake kunaeleza sehemu ya tofauti hiyo. Sehemu iliyobaki ilisumbua watu kwa muda mrefu. Mwaka 2024 Patrick Irwin wa Oxford na wenzake walichukua vipimo vya Lowell vya tangu 1950 hadi 2016 na kuviweka pamoja na vya Hubble na vya darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile. Jibu lao ni kwamba kwenye ncha za Uranusi methani ni kama nusu ya iliyopo ikweta, na ncha inayoelekea jua huvikwa ukungu wa chembe za barafu. Methani ikipungua, mwanga wa kijani na mwekundu unarudi mwingi zaidi, na sayari inaonekana ya kijani kidogo. Kazi hiyo hiyo ilieleza kwamba Neptuni haina ile buluu nzito ya picha zinazosambazwa tangu Voyager; picha zile zilikolezwa ili mawingu yaonekane. Sayari hizo mbili zina rangi zinazokaribiana sana. Magazeti yalishika habari ya rangi, na mimi siwalaumu, lakini aliyeiwezesha ni mtu aliyekuwa anabadilisha vichujio gizani tangu enzi za Rais Nixon.

Na jua je? Hapa nitakuwa mgumu kidogo. Mwaka 1979 Lockwood na Thompson walichapisha katika jarida la Nature kwamba mwangaza wa Neptuni na Titani unaelekea kwenda kinyume na shughuli za jua: madoa ya jua yakizidi, zenyewe zinafifia. Kisha Neptuni ikaanza kupanda mlima wake wa majira, na mdundo wa miaka 11 ukazama humo. Mwaka 2016 Karen Aplin na Giles Harrison waliuondoa mlima huo kihesabu na kuutafuta mdundo uliobaki. Wakasema upo, na kwamba unasababishwa kwa pamoja na miale ya urujuanimno inayobadili rangi ya ukungu na miale ya kutoka nje ya mfumo wa jua inayosaidia matone kuundwa. Mwaka 2023 kikundi cha Erandi Chavez na Imke de Pater kilikusanya picha za tangu 1994 na kuonyesha kwamba mawingu ya Neptuni huongezeka kama miaka miwili baada ya jua kufikia kilele, na kwamba kufikia 2020 yalikuwa yametoweka karibu yote. Ni kazi nzuri. Ila mizunguko miwili na nusu ya jua ni michache mno kwangu kuapa. Anayetaka uhakika anahitaji mizunguko mingine miwili au mitatu, na njia ya kuipata ni kuendelea kupima.

Kuna jambo moja tamu katika suala hilo la jua. Kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015 chombo cha angani cha Kepler kiliiangalia Neptuni kwa siku 49, kikipima karibu kila dakika. Kiliona mawingu yakizunguka na sayari, mwangaza ukipanda na kushuka kwa asilimia 1 au 2. Halafu Patrick Gaulme na wenzake wakachambua zaidi na kuukuta mtetemo wa jua lenyewe, ule wa dakika kama tano, ukiwa umesafiri saa nne hadi Neptuni na saa nne kurudi. Kile ambacho watu wa Lowell walikitarajia mwaka 1950, kulisoma jua kwenye uso wa Neptuni, kilitimia miaka 66 baadaye kwa kifaa ambacho hakuna aliyekiota.

Nukta moja inayobadilika mwangaza ndiyo pia tunayopata kutoka kwa sayari za nyota nyingine. Mwaka 2007 Heather Knutson na wenzake waliifuatilia sayari HD 189733 b kwa darubini ya angani ya Spitzer, wakaona kwamba mahali penye joto kali zaidi hapako chini ya jua lake kabisa bali pamesukumwa upande wa mashariki na upepo. Upepo ule hakuna aliyeuona. Ulipimwa kwa namba zilizopanda na kushuka, na masharti yalikuwa yaleyale: kihisio kitulie, mawe ya mizani yawe ya kweli, na kosa lijulikane kabla ya matokeo.

Watu huuliza kwa nini Flagstaff hawakubadilisha vifaa. Kamera za kielektroniki zilienea katika vituo vya astronomia katika miaka ya 1980, na kila mtu alizikimbilia, kwa haki. Lakini kubadili kichujio ni kuupima ulimwengu mwingine. Vipimo vya 1950 hadi 1966 vilifanywa kwa vichujio tofauti, na kuviunganisha na vya baadaye kulikuwa kazi nzima iliyomshughulisha Lockwood pamoja na Mikołaj Jerzykiewicz hadi chapisho lao la 2006. Aliyewahi kuunga uzi kama huo hana hamu ya kuukata tena kwa sababu ya kifaa kipya. Mkusanyo wa mwisho, wa 1972 hadi 2016, Lockwood aliuchapisha mwaka 2019 katika jarida la Icarus. Ni majedwali zaidi ya maneno.

Mwaka mmoja kamili wa Neptuni, ukihesabu tangu kipimo cha kwanza cha 1950, utatimia mwaka 2115. Robo tatu ya majira yake bado haijapimwa na mtu kwa usahihi wa vipimo vya tangu 1972. Kioo cha sentimita 53 kinatosha, na leo hata kidogo zaidi ya hicho. Miaka hii Neptuni iko karibu kabisa na ikweta ya anga, katika kundi la Samaki, na kwa mtu aliye Nairobi, Kampala au Kisangani haitapita zaidi ya nyuzi 25 au 26 kutoka utosini katika safari yake yote ya miaka 165. Flagstaff haikuwahi kupata nafasi kama hiyo. Mwalimu wa fizikia mwenye darubini chuoni, wanafunzi wanaobadilishana zamu, na ubishi wa kutosha wa kutobadilisha vichujio, anaweza kuanza msimu huu.